Shule Yetu na Wazazi Wake: Kutoka Msaragambo Hadi Ubao wa Matangazo



Kila mwaka kijitabu hiki hueleza shule yetu ya msingi inahitaji nini. Mwaka mmoja ni mabati, mwaka mwingine ni madawati. Safari hii kamati ya harambee imeniomba niandike jambo tofauti: historia ya wazazi wenyewe. Tangu enzi za wazee wetu hadi leo, mzazi wa kwetu milimani ameitwa vipi shuleni, ameambiwa nini, na ameshirikishwa kwa kiasi gani?

Nimekubali kwa sababu mimi ni mhasibu, na kazi ya mhasibu ni kuwaeleza wenye mali mali yao imekwenda wapi. Nimekubali pia kwa sababu mwaka huu tunachangia jiko na stoo ya chakula cha wanafunzi, na sioni busara ya kuchanga tena kabla hatujaambiana ukweli kuhusu lile tenki la maji. Nitafika huko. Kwanza tuanze mbali kidogo.

Kazi iliyoonekana kwa macho

Upare ulijua kazi ya pamoja kabla ya kujua shule. Msaragambo ulipoitishwa, kila kaya ilitoa mtu. Mifereji ilichimbwa hivyo, ndiva zilizibuliwa hivyo, na njia za milimani zilitengenezwa hivyo. Hapakuwa na haja ya taarifa ya maandishi. Aliyechimba mfereji aliona maji yakifika shambani, na zamu ya maji ilijulikana na wote. Aliyekosa kazi alijulikana, na aliyeiba zamu alijulikana pia.

Shule zililetwa na wamisionari. Walutheri wa Leipzig walifika Shigatini mwaka 1900, na Waadventista wakafungua kituo chao Giti, kule Mamba, mwaka 1903. Shule hizo zilikuwa mali ya misheni. Mzazi alichoombwa ni mtoto tu, na wengi walisita kumtoa kwa sababu mbuzi walihitaji mchungaji na shamba lilihitaji mlinzi wa nyani. Kuhusu mtoto atafundishwa nini na kwa utaratibu gani, hakuna aliyemuuliza baba wala mama.

Mambo yalibadilika taratibu kadiri watu walivyoona faida ya kusoma na kuandika. Shule zilipohitaji kuta na paa, zilijengwa kwa njia ileile tuliyoizoea. Wanaume walibeba mawe na miti, akina mama wakabeba maji na mchanga. Msaragambo ukahamia shuleni. Ndiyo maana hadi leo wazee wetu wakiitaja shule hawasemi "shule ya serikali". Wanasema "shule tuliyojenga".

Funzo la mbiru

Kuna tukio moja la historia yetu ambalo wengi hulisimulia kama habari ya siasa tu. Mimi hulisoma kama habari ya hesabu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1940 utawala wa Kiingereza, pamoja na baraza la mamangi wa Upare, ulianzisha kodi iliyoitwa mbiru. Kodi ya kichwa ilikuwapo tayari, nayo ilikuwa sawa kwa wote. Mbiru ilikuwa ya kukadiriwa: mtu alihesabiwa mali yake, kisha akapangiwa alipe kiasi gani. Wapare walikuwa walipa kodi wa siku nyingi. Lililowachoma ni ukadiriaji. Nani amekadiria? Amehesabu nini? Kwa nini jirani yangu mwenye shamba kama langu amepangiwa kiasi kingine?

Majibu hayakutolewa. Mwaka 1945 watu kwa maelfu waliteremka milimani wakaenda Same, makao makuu ya wilaya, wakakaa huko kudai kusikilizwa. Kule Usangi wanawake nao waliingia katika madai hayo, wakiwakabili watawala waziwazi kwa sababu waume zao hawakuwapo nyumbani. Hatimaye mbiru ikafutwa. Marehemu Profesa Isaria Kimambo, mwanahistoria mwenzetu wa Upare, aliandika habari hizo kwa kirefu.

Ninalitaja tukio hili kwa sababu linatueleza tabia yetu. Sisi ni watu wa kutoa. Lakini tukiambiwa tutoe bila kuelezwa hesabu imefikiwaje, hatutoi kwa moyo, na wakati mwingine hatutoi kabisa. Anayetaka kuendesha shule kwetu akisahau habari ya mbiru, atashangaa kwa nini viti vya mkutano viko wazi.

Azimio na matofali

Kudai sauti katika elimu hakukuwa kwa Upare peke yake. Mwaka 1955 kiliundwa chama cha wazazi cha Tanganyika, TAPA, wakati ambapo nafasi za shule kwa watoto wa Kiafrika zilikuwa chache mno. Wazazi walifungua shule zao wenyewe. Chama hicho ndicho mzizi wa Jumuiya ya Wazazi tunayoijua leo.

Baada ya Uhuru likaja Azimio la Arusha, Februari 1967, na mwezi uliofuata Mwalimu Nyerere akatoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea. Shule ilitakiwa iwe sehemu ya kijiji, yenye shamba na kazi. Ada ya shule za msingi ilifutwa mwaka 1973. Novemba 1974, kule Musoma, TANU ikaazimia kwamba kila mtoto aingie shule ya msingi ifikapo 1977. Ndiyo UPE tunayoikumbuka.

Kwetu azimio hilo lilimaanisha matofali. Wazee waliokuwa vijana wakati ule bado wanaweza kukuonyesha shimo walikochota udongo. Na mwaka 1978 Sheria ya Elimu, Namba 25, ikaweka kamati za shule. Mzazi akawa na kiti cha kisheria katika uendeshaji wa shule ya mtoto wake.

Ila kiti ni jambo moja, na taarifa ni jambo jingine. Katika miaka ile mzazi aliitwa zaidi kwa kazi ya mikono. Mipango ilitoka juu, na kijiji kikatekeleza. Ilikwenda vizuri maadamu kazi ilionekana kwa macho, kama mfereji. Ugumu ulianza pale mchango ulipogeuka kutoka tofali kuwa shilingi. Tofali likiwekwa ukutani unaliona. Shilingi ikiingia kwenye droo ya ofisi huioni tena mpaka mtu akuonyeshe.

Risiti za mama

Uchumi wa nchi ulibana katika miaka ya 1980, na katikati ya miaka hiyo michango ya lazima ilirudi mashuleni. Mimi nilianza darasa la kwanza mwaka 1988, kwa hiyo sehemu hii naijua kwa mwili wangu.

Mama yangu, ambaye bado yuko nyumbani, ametunza risiti zote za shule katika kopo la majani ya chai. Nilizipanga kwa tarehe Krismasi iliyopita. Kuna mchango wa UPE, mchango wa mlinzi, mchango wa mtihani. Kuna mchango wa madawati mwaka 1989, tena 1990, tena 1991. Nilimaliza darasa la saba mwaka 1994, na miaka mingi kati ya hiyo nilikaa juu ya ubao uliowekwa kwenye matofali.

Sisemi fedha ziliibwa. Inawezekana zilinunua chaki. Inawezekana zilimlipa mlinzi, au zilifunika pengo la mtihani. Mwalimu mkuu wa wakati ule alikuwa na shule isiyo na kitu, na nisingependa kumhukumu leo nikiwa nimekaa kwenye kiti cha ofisi mjini. Ninachosema ni kwamba hakuna aliyetuambia. Taarifa kwa mzazi ilikuwa moja tu, nayo ilipitia kwa mtoto: "Kesho asiyekuja na mchango asije." Mkutano wa wazazi uliitwa mara moja kwa mwaka, na ajenda yake ilikuwa kutangaza mchango mpya. Mapato na matumizi hayakusomwa.

Katika kopo lile risiti zinaendelea hadi 1994, kwa sababu bila kulipa ningefukuzwa. Lakini mama aliacha kwenda mikutanoni tangu 1991. Nilimuuliza kwa nini. Akanijibu, "Nilikuwa nakwenda kusikia niongeze shilingi ngapi. Hilo hata wewe ungeniletea nyumbani."

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa shule yetu naongeza: hata daftari likiwapo, likifungiwa kabatini, wanaopotea ni watu.

Ubao ulipowekwa ukutani

Mwaka 2001 serikali ilitangaza kufuta ada za shule za msingi, na Januari 2002 ukaanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM. Wengi wanaukumbuka kwa madarasa. Mimi naukumbuka kwa ubao.

Mpango ule uliitaka kila kamati ya shule ifungue akaunti benki, ipange mahitaji yake, isimamie ujenzi, na ibandike mapato na matumizi mahali pa wazi. Ruzuku ilikusudiwa kuwa sawa na dola 10 za Marekani kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, ingawa mara nyingi kilichofika mashuleni kilikuwa pungufu.

Mwaka 2003 nilikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, nikarudi nyumbani likizo. Kwenye ukuta wa ofisi ya shule palikuwa na karatasi iliyoandikwa kwa kalamu nene: fedha iliyopokelewa, saruji mifuko mingapi, mabati mangapi, fundi amelipwa nini, salio. Watu waliokuwa wakienda gulioni walisimama kusoma. Wasiojua kusoma walisomewa. Nilisikia ubishi juu ya bei ya misumari, na mjumbe mmoja wa kamati akalazimika kwenda kuleta risiti. Hakukasirika. Alirudi nayo, ikapita mkono kwa mkono, ubishi ukaisha.

Wiki ile mama alikwenda kubeba mchanga. Hakuitwa kwa barua wala kwa vitisho. Alikuwa ameona hesabu.

Baadaye ruzuku ilichelewa na kupungua, na karatasi zikaacha kubadilishwa. Nilipopita miaka kadhaa baadaye, ubao ulikuwa na tangazo moja lililofifia, na kioo chake kilikuwa kimevunjika. Hakuna aliyetoa amri ya kuuacha. Uliachwa tu, kama mfereji usiozibuliwa.

Bila malipo, lakini si bila mzazi

Januari 2016 ulianza utaratibu wa elimumsingi bila malipo, uliotokana na Waraka wa Elimu Namba 5 wa 2015. Ulikuwa msaada mkubwa kwa kaya maskini, na watoto wengi waliokuwa nyumbani waliingia darasani. Ila kwetu, kama kwingine, ulieleweka nusu. Wazazi wengi walichukulia kwamba shule sasa ni ya serikali peke yake. Ilibidi utolewe Waraka Namba 3 wa 2016 kufafanua wajibu wa kila mmoja. Sare, madaftari na chakula cha mtoto wa kutwa vilibaki kwa mzazi. Michango mingine ni ya hiari, na mtoto hazuiwi masomo kwa sababu ya mchango.

Hapa ndipo hesabu ingesaidia kuliko hotuba. Ruzuku ya uendeshaji ilipangwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, na katika hizo 6,000 ndizo zinazokwenda shuleni, nyingine zikiwa za vitabu. Chukua shule yenye watoto 300. Hiyo ni shilingi 1,800,000 kwa mwaka, yaani 150,000 kwa mwezi. Humo mna chaki, karatasi za mitihani, matengenezo na mengineyo. Mzazi akiziona tarakimu hizo hahitaji kubembelezwa. Anajua mwenyewe kwamba jiko halitatoka humo. Asipoziona, anaamini mwalimu ana mfuko uliojaa.

Wala si kwamba hesabu hazipo. Mwaka 2017 shule za serikali zilianza kuandika fedha zao katika mfumo maalumu wa kompyuta, FFARS. Taarifa zinatengenezwa na kupelekwa wilayani. Safari ambayo bado ni ngumu ni ya kutoka ofisini mpaka ukutani, hatua kumi hivi.

Tenki la watu wa Dar

Sasa nifike kwetu sisi tulioko mjini, maana tumewasema walimu vya kutosha.

Miaka michache iliyopita tulichangishana hapa Dar es Salaam tukanunua tenki la maji kwa ajili ya shule. Nia ilikuwa njema, na hesabu zake ninazo mimi mwenyewe, hazina pengo. Lakini wazazi walijua habari za tenki siku gari lilipopanda nalo. Hatukuwauliza liwekwe wapi. Hatukukubaliana nani atasafisha mfereji wa bati unaolijaza, wala nani atanunua koki ikiharibika. Koki iliharibika. Nilipouliza kwa nini jambo dogo hivyo halikutengenezwa, mzee mmoja alinijibu kwa upole, "Mwanangu, lile ni tenki la watu wa Dar. Tuliwasubiri."

Hesabu zangu zote nilizileta kwenye mkutano wetu wa mjini, zikapigiwa makofi. Hata karatasi moja sikuipeleka shuleni. Tuliwafanyia wazazi wenzetu kilekile alichofanyiwa mama yangu, na aliyekifanya safari hii ni mimi niliyesomea uhasibu.

Kinachotupa matumaini

Mwaka 2021 serikali ilitoa mwongozo wa kitaifa wa chakula na lishe mashuleni, na shule nyingi zimekuwa zikiunda Ushirikiano wa Wazazi na Walimu, UWW, wenye wazazi wawakilishi wa kila darasa. Shuleni kwetu wawakilishi hao wamefanya mambo mawili ambayo kamati kubwa haikuwahi kuyaweza.

La kwanza ni makande. Mkutano wa kila darasa ulipanga mahindi na maharage ya kila mtoto, na aliyekosa nafaka aliruhusiwa kuleta kuni au kutoa siku ya kupika. Kila mwisho wa mwezi hubandikwa karatasi: debe zilizopokelewa, debe zilizopikwa, zilizobaki. Habari zinapelekwa pia kwenye kundi la WhatsApp, lakini wawakilishi waligundua mapema kwamba watoto wengi wanalelewa na bibi zao wenye simu za kitochi. Kwa hiyo tangazo husomwa msikitini Ijumaa, kwa Wasabato Jumamosi, na kwa Walutheri Jumapili. Katika siku tatu hakuna nyumba isiyofikiwa.

La pili ni siku ya darasa. Kila muhula wazazi huketi nyuma ya darasa wakati somo likiendelea, kisha kila mtoto husoma kifungu mbele ya mwalimu na mzazi wake. Katika siku moja ya namna hiyo bibi mmoja alitambua kwamba mjukuu wake wa darasa la tatu hawezi kuunganisha silabi. Alikuwa akileta mahindi yake kila mwezi bila kukosa, akidhani mambo ni mazuri. Mwalimu naye hakujua kwamba mtoto yule huamka alfajiri kukatia ng'ombe majani. Walikubaliana hapohapo: majani yatakatwa jioni, na mwalimu atambakiza mtoto nusu saa mara tatu kwa wiki. Mkutano wa dakika kumi ulifanya kazi ambayo risiti za miaka minne zisingeweza kuifanya. Kumhusisha mzazi si kumwambia fedha tu. Ni kumwambia habari za mtoto wake mapema, wakati bado kuna la kufanya.

Tunachoomba mwaka huu

Jiko na stoo si wazo la Dar es Salaam. Limetoka kwenye mikutano ya madarasa, baada ya mahindi kuloa mvua za masika na mama wapishi kupika chini ya mti kwa kuni mbichi. Mahali pa kujenga pamechaguliwa na wazazi. Mawe yameanza kukusanywa kwa msaragambo. Makadirio yamo katika ukurasa wa hesabu wa kijitabu hiki, na nakala yake imeshabandikwa kwenye ubao wa shule, ambao sasa una kioo kipya.

Kama mtunza hesabu wa chama naahidi mambo matatu. Kila shilingi mtakayotoa itaandikwa, na orodha itapelekwa shuleni katika wiki ileile itakayosomwa kwetu mjini. Kila ununuzi utasainiwa na wawakilishi wa wazazi pamoja na mwalimu mkuu ambaye ni katibu wa kamati ya shule. Na kazi ikikamilika, matumizi yatasomwa kwanza nyumbani, ndipo yaletwe huku.

Nanyi nawaomba mambo mawili. Toeni kadiri ya uwezo wenu, kikubwa au kidogo, kwa jina la mzee aliyebeba jiwe la kwanza. Kisha mpigieni simu mama, shangazi au kaka aliyeko nyumbani mumuulize: "Umeisoma ile karatasi ya ubaoni? Imesemaje?" Asipoweza kujibu, nipigieni mimi. Hiyo itakuwa dalili kwamba mfereji umeziba, na tutauzibua kabla mabati hayajapanda.

Mama ameniambia atakuja kwenye mkutano ujao wa wazazi, ingawa hana mtoto shuleni siku hizi. Anataka kusikia bei ya misumari.